Mlimani Hakuna Migomba

Wenzangu mliozaliwa zamani za Mdachi, nyinyi mtanielewa haraka kuliko wajukuu zangu. Siku zile hapakuwa na mtu aliyepanda mlima kwa kupenda. Mlima ulipandwa na Wakinga, kwa sababu ndiko walikokaa, wakiteremka kwetu na majembe na kurudi na chakula. Ulipandwa na mtu aliyepotelewa na ng'ombe, au aliyekimbia kodi. Mtu mwenye akili timamu, mwenye migomba yake na kibuyu chake cha maziwa ya mgando, alikaa chini kwenye tope letu la Kyela, akautazama mlima asubuhi ukiwa wa buluu na jioni ukiwa mwekundu, akaridhika. Leo nasikia kuna vijana wanaolipa nauli ya basi kutoka Mbeya mpaka Matema ili wapande milima ile kisha washuke, na hawarudi na kitu ila picha. Nasikia, nanyamaza. Maana mimi nami niliwahi kupanda, nikiwa mtoto wa kike wa kutumwa maji, tena mpaka kwenye jiwe la juu kabisa.

Darasa langu ni dogo. Nilisoma kwa wamisheni mpaka nikaweza kuandika barua bila kumwomba mtu, basi. Nikikosea mpangilio mnivumilie, na nikikosea jambo lenyewe mnisahihishe, kwa kuwa baadhi ya waliokuwepo bado wako hai, na sitaki mmoja wao aje mlangoni kwangu kusema nimempakazia.

Mtakumbuka maisha yalivyokuwa. Tuliteleza kwenye kingo za mto Mbaka tukiwa tumekalia magome ya migomba, mpaka ngozi ya makalio ikabanduka, na jioni mama akatuuliza kwa nini tunakula tumesimama. Tulikula ndizi zilizochomwa majivuni, zinazobaki na mchanga kidogo wa kusugulia meno, na usipa, dagaa wa ziwa letu, waliokaushwa juani. Mchele ulikuwa chakula cha watu wa bandarini Mwaya, na kakao hakuna aliyekuwa ameisikia. Shuleni tuliandika kwa kidole mchangani. Mwalimu akipita na kufuta kwa mguu, elimu ya siku hiyo imekwisha. Watoto wa sasa wana madaftari yenye mistari, na bado maandishi yao yanatambaa kama jongoo aliyekanyagwa. Lakini nisiwaonee, wanajua hesabu kuliko mimi.

Kaka yangu Ambilikile alioa Mkisi. Jina la wifi yangu silitaji, watoto wake wapo na wana aibu zao. Kwao ni kule ambako milima imeingia ziwani moja kwa moja na nyumba zimebanwa kati ya jiwe na maji. Ni watu wa kufinyanga na kuvua. Mtoto wa huko hujifunza kupanda mwamba mapema kwa sababu hana mahali pengine pa kuchezea, na msichana hupanda na mtungi kichwani bila kuushika, huku anagombana na mwenzake aliye nyuma. Alipoletwa kwetu Ipinda, kwenye nchi tambarare, wifi alisema miguu yake inachoka kwa kukosa kazi.

Sasa hapa vijana watacheka, lakini nyinyi wenzangu mnajua. Kwetu Wanyakyusa, mke wa mtu na baba mkwe wake walikuwa hawaonani. Sisemi hawakuzungumza, hawakuonana. Akisikia mzee anakuja, mke anatoka njiani, anaingia migombani, anageuza mgongo, anajifunika nguo kichwani na kuchuchumaa mpaka apite. Jina lake halitamki. Na mzee, kama ana adabu, hukohoa toka mbali ili kumpa mwenzake nafasi. Haikuwa chuki. Ilikuwa heshima, na heshima ya siku zile ilikuwa na mbio nyingi.

Ndiyo maana bi harusi mgeni hupewa macho. Macho ya wifi yalikuwa mimi. Nilitembea mbele yake kila njia, kisimani, kuni, shambani, na nikimwona baba nilipiga chafya. Wifi akisikia chafya, haulizi, anapotea. Msimu mmoja nilishikwa na mafua ya kweli, na maskini alishinda migombani siku nzima, mpaka mama akauliza kama anatafuta kuku anayetaga ovyo.

Lakini mwaka ule, mwishoni mwa mvua, nililala na homa na wifi akaenda mtoni peke yake. Kwenye kona, penye matete marefu, akakutana na baba uso kwa uso. Kila mmoja alikimbilia upande wake. Watu walisema baba alikimbia zaidi. Wazee wakakaa. Baba Mkubwa, kaka yake baba, ndiye aliyekuwa mshika mila wa ukoo, mtu mkavu, asiyecheka hata akiona mbuzi amevaa kofia. Akasema kwamba kwa kuwa huyu ni mgeni na ni Mkisi, safari hii anasamehewa. Akionana na mkwewe tena, atakunja mkeka wake arudi kwao, na ng'ombe wa mahari waliotolewa na Ambilikile watarudi zizini. Tangu siku hiyo kaka alikonda. Alimpenda yule mwanamke, tena waziwazi, jambo ambalo siku zile lilihesabiwa kama kasoro ndogo.

Baba yangu naye lazima nimseme, ingawa nasita. Alikuwa mtu mzuri, mrefu, mkarimu wa pombe, mwenye majivuno ya kadiri. Majivuno yote yalikaa juu ya chui mmoja. Hadithi yenyewe ni kwamba baba akiwa kijana chui alichukua ndama, baba akamfuata kwa mkuki mmoja mpaka juu ya mlima tuliouita Kipara, kwa sababu kileleni ni jiwe tupu lisilo na hata unyasi mmoja, akamwulia huko. Tuliisikia kila pombe ilipopikwa, na chui aliongezeka urefu kila mwaka. Sisemi alidanganya. Ngozi ilikuwepo, tuliikalia. Lakini ngozi haisemi chui alifia wapi.

Mmisionari wetu tulimwita Korongo, kwa ajili ya miguu. Alitoka nchi ya milima yenye barafu, na kiangazi kilipofika, mawingu yakaondoka na Kipara kikasimama wazi, yeye alikaa kibarazani na mkewe akakitazama na kupumua kama mtu aliyefiwa. Siku moja akatangaza kwamba atapanda mpaka juu. Wazee wakaulizana amepoteza nini huko. Mmoja akasema anatafuta dhahabu. Mwingine akasema anataka kuhesabu ng'ombe wetu toka juu ili wenzake wa bomani wapandishe kodi. Baba Mkubwa akasema pengine kuna jambo mtu hawezi kulifanya mbele ya mkewe. Alipoulizwa mwenyewe, Korongo alijibu kwamba anataka kuona. Hilo ndilo lililowatia wasiwasi kabisa.

Alihitaji mtu anayejua njia. Na nani asiyejua kwamba njia anaijua mtu wa chui? Baba alipoitwa hakuweza kukataa. Niliona alivyorudi nyumbani siku hiyo, akakaa, akaitazama ile ngozi kwa muda mrefu kama anaisikiliza.

Mke wa Korongo naye akataka wanawake wabebe chakula na maji. Akamchagua wifi kwa kuwa alikuwa kwenye darasa lake la ubatizo na shingo yake ilikuwa imara. Mama akashtuka, mlima mmoja na mkwewe! Lakini wakapanga vizuri. Wanaume watangulie alfajiri, wanawake wafuate nyuma sana, waishie kwenye mti wa mwisho, pale jiwe tupu linapoanzia. Mimi nitatembea mbele na pua yangu.

Pale chini ya mlima Korongo alitoa kamba ndefu akaeleza kwamba wanaume wote wafungwe kiunoni, mmoja nyuma ya mwingine, ili anayeteleza ashikwe na wenzake. Alieleza kwa upendo. Lakini walikuwemo watu ambao baba zao walifungwa hivyo hivyo, mmoja nyuma ya mwingine, wakapelekwa na hawakurudi. Alipoinua macho toka kwenye kamba alikuta amebaki na mpishi wake, ambaye alikuwa hasikii vizuri. Kamba ikaachwa hapo hapo, na watu wakarudi mmoja mmoja toka vichakani.

Kupanda kwenyewe kulikuwa adhabu. Kwanza msitu, mbigili, mizizi inayoshika kisigino. Kisha nyasi kavu zinazoteleza kuliko tope, jua likiwa mgongoni kama mtu amekuegemea. Kisha mawe yanayotembea. Ukikanyaga moja, linashuka na kuwasalimu walio nyuma. Wanawake wa kwetu walikaa chini kila mara wakisema wanangoja wenzao, na wenzao wakafika wakakaa pia. Wifi peke yake alichangamka. Alipanda na mtungi wake akiimba, akanionyesha jinsi ya kuweka mguu wote na si vidole, na kutolivuta jiwe bali kulisukuma chini. Nilimwuliza kama haogopi. Akasema, "Wifi, naogopa baba yako. Jiwe silijui kwa ubaya."

Tulipofika kwenye mti wa mwisho, sauti ikaita toka juu kwamba Mzungu amemaliza maji, yaletwe. Tukauliza kwa kelele, wanaume wote wako juu? Ikajibiwa wote wako juu. Katika wanawake hakuna aliyeweza kupita pale na mtungi ila Mkisi. Mama akakubali kwa shingo upande: tufike chini ya jiwe la mwisho, tuache mtungi, turudi.

Njia ile ilikuwa upana wa mkeka uliokunjwa. Kulia ukuta wa jiwe, kushoto hewa, na chini ya hewa ziwa. Nilizunguka kona ya mwisho na kumwona baba.

Alikuwa juu kidogo ya njia, kama urefu wa mtu, kwenye ufa wa jiwe. Amelikumbatia kwa mikono miwili kama mjusi ukutani, shavu la kushoto limebanwa kwenye mwamba, uso umenielekea. Mguu mmoja ulikuwa umekanyaga. Mwingine ulikuwa unatafuta. Baadaye tulijua kwamba alikuwa amewaambia wenzake watangulie, yeye atalinda nyuma, na walipofika juu hakuna aliyegeuka kuangalia.

Nilipiga chafya, na nyuma yangu nikasikia wifi akisimama. Migomba hakuna. Kichaka hakuna. Aligeuza uso ukutani, akatua mtungi, akavuta nguo kichwani.

"Nani huyo?" baba akauliza.

"Ni mimi, tata."

"Uko peke yako?"

Nilinyamaza, na huo unyamavu ukamjibu. Hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa kuwa ndipo kesi yote ilipo. Jicho la kulia la baba lilikuwa limefumbwa tangu nilipomwona mara ya kwanza, kabla ya chafya, limekazwa kama la mtu anayenyolewa kwa kisu butu. La kushoto lilikuwa upande wa jiwe, sikuliona, kwa hiyo la kushoto silisemei.

"Mwambie huyo uliye naye ashuke," akasema.

Wifi akaninong'oneza toka ndani ya nguo, "Mwambie huyo aliye juu kwamba nikishuka, ataanguka."

"Tata, anasema utaanguka."

"Mwambie siangukii popote. Napumzika."

"Anasema anapumzika."

"Muulize, anapumzika na mguu mmoja hewani?"

Hilo nilisita kulipeleka, maana hata mama hakusema hivyo na baba. Lakini kazi yangu ilikuwa kupeleka, nikapeleka. Upepo ukapita. Mguu ule ukatafuta tena, ukakwaruza jiwe, vipande vikaanguka na hatukuvisikia vikifika. Baba akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Muulize huu mguu niuweke wapi."

Basi tukaanza. Wifi aliinua nguo kidogo tu, akatazama nyayo na si zaidi ya vifundo. Akaniambia, nikamwambia. Kisigino ndani ya ufa. Sasa mkono wa chini. Usilikumbatie jiwe, linakusukuma. Watu watatu tuliokaribiana kiasi cha kupokezana ndizi, na kila neno lilipita kwangu kana kwamba mmoja yuko Mwaya na mwingine Tukuyu. Baba alitii kila neno. Kwa kweli sikuwahi kumwona akimtii mtu kiasi kile, hata Mungu.

Mwisho pakabaki pengo. Hapakuwa na pa kukanyaga mpaka njiani, na kuruka pale ni kuendelea mpaka ziwani. Wifi akafikiri. Kisha akaumwaga mtungi, maji yote ya Mzungu yakashuka mwambani yakimeta, akaugeuza mdomo chini, akausogeza kwa mguu mpaka chini ya unyayo wa mkwewe bila kumgusa.

"Mwambie akanyage."

"Ni nini?" baba akauliza.

"Mtungi, tata."

"Utavunjika."

Wifi akasahau kunong'ona. "Mwambie umefinyangwa na mama yangu."

Baba akakanyaga. Haukuvunjika. Akashuka njiani, akageukia ukuta, paji la uso kwenye jiwe, akihema kama ng'ombe aliyevuka mto. Sasa baba alitakiwa kushuka, na wifi ndiye aliyekuwa ameziba njia. Akaokota mtungi, akaushika shingoni, akapanda ule ufa kwa mkono mmoja upande ambao hata nyani angefikiri kwanza, akapita juu ya baba, akatoweka kuelekea kileleni. Nilimshika baba mkono nikamfikisha kwenye kona, macho bado yamefumbwa. Alipoyafumbua hakunitazama. Aliteremka kwa wanawake akaomba maziwa, akasema huko juu hali ni shwari.

Mimi nikapanda kumfuata wifi, kwa kuwa macho hayaachwi nyuma. Ndivyo mwanamke wa kwanza alivyofika kilele cha Kipara: kwa kumkimbia baba mkwe. Na ndivyo nilivyofika mimi. Kulikuwa na nini? Niseme ukweli, kulikuwa na jiwe. Upepo wa kukausha macho. Wanaume wetu walikuwa wamejibana upande wa kivuli wakilaumiana. Lakini ziwa lilikuwa kubwa kuliko nilivyoambiwa, limekwenda mpaka limekuwa mbingu, na nchi yetu yote ilikuwa mkeka wa kijani wenye moshi mdogo mdogo, na mito imelala juu yake kama nyuzi zilizodondoka. Nikatafuta nyumba yetu nikaikosa. Korongo alikuwa amevua kofia anaimba kwa lugha yao, machozi yanatiririka, hajali. Siku ile nilimcheka. Sasa nadhani alikuwa anaona kwao.

Wifi akampa mtungi. Akauinua mdomoni, ukatoka tone moja. Nikadhani atakasirika, kumbe alicheka mpaka akakaa chini. Tulipokuwa kule chini na baba, yeye alikuwa amelala kifudifudi kwenye ukingo wa jiwe na kutuona mwanzo mpaka mwisho.

Hapo ndipo hatari ilipoanza, na sina budi kusema hakuwa na nia mbaya. Tulipokusanyika chini kwenye misheni, kijiji kizima, alisimama kushukuru. Akamsifu kiongozi wetu shujaa, baba akainamisha kichwa. Kisha akasema hajawahi kuona upendo kama wa yule binti aliyemwokoa baba mkwe wake mwambani, wakiwa karibu namna hii, akaonyesha kwa viganja. Mwalimu aliyekuwa anatafsiri alitokwa jasho. Akatafsiri kwamba Bwana anashukuru kwa maji. Lakini Korongo alikijua Kinyakyusa kiasi cha kusahihisha, akasahihisha, tena kwa sauti kubwa, akirudia neno mkwe mpaka kila mtu alipogeuka kumtazama Baba Mkubwa.

Kesho yake wazee walikaa mbele ya zizi. Wanawake tulikuwa nyuma ya ukuta wa nyumba ya mama, tunachungulia kwenye nyufa za mianzi. Mkeka wa wifi ulikuwa umeshakunjwa, umesimamishwa karibu na mlango. Aliukunja mwenyewe. Alisema hataki kukunjiwa. Ambilikile alikaa nje peke yake akichoma ardhi kwa kijiti.

Wazee walianza na mguu. Je, mguu ni mtu? Mmoja akasema ni mtu, kwa kuwa ukiukanyaga, analia mtu. Mwingine akasema kama ni hivyo basi wanawake wote wa Ipinda waachwe, maana kila siku wanaona nyayo za wakwe zao njiani. Likazungumzwa suala la sauti. Ikaonekana imepita kwa mtoto, na mtoto si kitu. Hilo liliniuma kidogo. Baba Mkubwa aliwaacha wamalize. Kisha akamgeukia mdogo wake.

"Mguu tuuache. Wewe ulimwona?"

"Sikumwona. Nilikuwa nimefumba macho."

Watu wakapumua. Mzee mmoja akasema basi imekwisha, amefumba kwa heshima ya mkwewe, ni jambo la kusifiwa. Baba akaanza kukubali kwa kichwa. Kweli lilikuwa jibu zuri, lingemfaa kwa pombe nyingi zijazo.

Baba Mkubwa akainua kidole. "Mtu hufumba macho kwa ajili ya mkwe baada ya kumwona mkwe. Kama ulifumba kwa heshima, ulimwona kwanza."

Hata ng'ombe, nadhani, waliacha kutafuna, lakini hilo siwezi kuliapia. Kwenye ufa wangu nilimwona baba akitazama mikono yake. Ilikuwa imechubuka. Wifi, nyuma yangu, akanyoosha mkono akaushika mkeka.

"Nilifumba kabla hajafika," baba akasema.

"Kwa nini?"

"Nilifumba tangu mguu wangu ulipokosa jiwe."

"Nauliza kwa nini."

"Naogopa," baba akasema. "Niliogopa. Nilifumba kwa woga, nikakaa hivyo mpaka mtoto aliponishika mkono akanifikisha kwenye kona."

Baba Mkubwa hakuridhika, yeye akishika jambo hushika. "Wewe uliyeua chui juu ya Kipara?"

Nadhani baba angeweza kuishia hapo. Ile ya kwanza ilitosha kwa aibu ya mtu mmoja. Lakini alijua kwamba akibaki na chui, woga hauaminiki. Na woga usipoaminika, mkeka unaondoka.

"Chui alifia zizini," akasema. "Tulikuwa watu wengi, na mkuki uliompata sijui ulikuwa wa nani. Juu ya Kipara sijawahi kufika. Na jana pia sikufika."

Mtu mmoja alianza kucheka, akajizuia, akashindwa. Kisha zizi zima. Walicheka mpaka wakashikana mabega, walicheka wale waliosikiliza chui yule miaka yote na kunywa kwa heshima yake. Baba alikaa katikati yao, mgongo wima, akaacha wamalize. Baba Mkubwa peke yake hakucheka. Akasema, "Hawakuonana," akachukua fimbo yake akaenda zake. Nyuma ya ukuta mama alilia, na wifi akaukunjua mkeka taratibu, akaulaza mahali pake, akaukung'uta vumbi.

Baba alichekwa miaka. Watoto walipomwona walikumbatia ukuta na kufumba macho, na mimi nilipigana na wengine kwa ajili hiyo na wengine, niseme kweli, nilicheka nao. Wifi alizaa kwetu, alizeeka kwetu. Yeye na baba hawakuonana mpaka baba alipokufa, baada ya vita vile vya Mdachi na Mwingereza. Chakula alichompikia kilizunguka kwa mama, kisha kwangu, kikafika kimepoa, na baba alikula chote.

Siku hizi mke wa mjukuu wangu anakaa meza moja na baba mkwe wake, yaani mwanangu. Anammiminia chai, anamwambia usoni kwamba redio yake ina kelele, wanacheka wote wawili. Nisiwe mzee wa kulaumu tu. Chai inafika ya moto, na hakuna binti anayechuchumaa kwenye umande kwa ajili ya kikohozi cha mtu. Wanajuana sura, wanajuana hata maradhi. Lakini nikiwatazama namna hiyo, najiuliza kama mwanangu angeweza kukaa mbele ya watu wote wanaomheshimu na kujivua kitu pekee anachojivunia, kwa ajili ya mwanamke ambaye uso wake hakuruhusiwa kuujua. Sijui. Na kwa haki, baba naye hakujua mpaka alipoulizwa.